Robert Serumaga, mtu wa teatri aliyepunguza maneno wakati wa Idi Amin

Mtu wa huku Uvira akisikia habari za Uganda ya Idi Amin, mawazo yake yanaenda moja kwa moja kwa askari, kwa Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, na kwa maiti zilizotupwa katika mto Nile. Yote hayo ni kweli. Lakini katika miaka hiyohiyo kulikuwa na kikundi cha vijana wa Uganda waliokuwa wanapanda ndege kwenda kucheza teatri mbele ya watu wa Ulaya, Asia na Amerika, na pasipoti walizobeba zilikuwa za serikali ya Amin huyohuyo. Aliyewakusanya na kuwafundisha aliitwa Robert Serumaga. Mwaka 1975 aliwafikisha London, kwenye ukumbi wa Aldwych, mahali ambapo waigizaji wakubwa wa Kiingereza walikuwa wanacheza Shakespeare.

Habari zake tunazileta kwenye ukurasa huu juu ya sababu moja. Wasikilizaji wetu wanapenda sana michezo ya kuigiza ya redio, na vijana wanaocheza masokoni, kwenye parokia na mashuleni wanajua vizuri shida iliyomo. Ukicheza mchezo wa kipindupindu, kila mtu anapiga makofi, hata wakubwa. Ukicheza mchezo wa bariere na wale wanaochukua makuta ya mama anayetoka shambani, hapo lazima ufikiri mara mbili. Unamgeuza yule wa bariere kuwa fisi, unamvalisha mkia, watu wanacheka na wanaelewa. Serumaga aliishi na shida hiyo miaka mingi, tena mahali ambapo kosa moja lilikuwa linalipwa kwa maisha.

Jina lake kamili lilikuwa Robert Bellarmino Serumaga. Alizaliwa mwaka 1939 kule Buganda, katika familia ya Kikatoliki, na jina lenyewe linaonyesha hivyo, juu Roberto Bellarmino ni mtakatifu wa Kanisa. Alisoma katika shule za wamisionari, na moja kati ya hizo ilikuwa sekondari ya Kisubi, karibu na Entebbe, shule iliyotoa wakubwa wengi wa Uganda. Kisha akapata nafasi ya kwenda Dublin, Ireland, katika chuo cha Trinity. Hakwenda kusomea teatri, hapana. Alisomea uchumi, na mwaka 1965 akatoka na digrii ya pili. Wazazi wengi wa huku wangefurahi hapo na kungoja kijana arudi kukaa biro katika benki.

Kumbe yeye alikuwa amekwisha kuingia kazi yetu, redio. London kulikuwa na nyumba moja iliyoitwa Transcription Centre, iliyoongozwa na Dennis Duerden. Kazi yake ilikuwa kurekodi mazungumzo na waandishi na wasanii wa Afrika na kutuma kanda kwa vituo vya redio vya Afrika. Serumaga alikuwa mmoja wa waulizaji. Aliongea na Chinua Achebe, na pia na mshairi Christopher Okigbo, aliyekufa vitani Biafra mwaka 1967. Mazungumzo hayo yaliwekwa baadaye katika kitabu kilichotoka mwaka 1972, na mpaka leo wanafunzi wa fasihi wanayasoma. Sisi wa redio tunajua kazi ya namna hiyo inamfundisha mtu kitu gani: kusikiliza. Unakaa mbele ya mtu, unangoja amalize, na wakati mwingine kile kimya chake kabla ya kujibu kinakuambia mengi kuliko jibu lenyewe. Mimi nafikiri teatri yake ya baadaye ilianzia hapo, ingawa vitabu vingi vinataja tu walimu wake wa Ulaya.

Kabla ya kumrudisha nyumbani tuseme kidogo juu ya kumbi zenyewe, juu bila kumbi hizo habari hii haieleweki. Waingereza walipotawala Afrika ya Mashariki walijenga teatri kama walivyojenga makanisa na viwanja vya gofu. Nairobi, Kenya National Theatre ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka 1952, na aliyekuja kuifungua alikuwa Ralph Richardson, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Shakespeare wa siku zile. Angalia tarehe hiyo vizuri. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi wa 10, wiki chache tu kabla. Nje askari wanakamata watu kwa ajili ya Mau Mau, ndani mwigizaji mkubwa kutoka London anafungua jukwaa. Kampala ilipata yake mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru. Ni nyumba nzuri, mbele yake kuna ukuta wa zege wenye matundu kama pazia la nyuzi, na bado iko mpaka leo. Mwanzoni jukwaa hilo lilitumika zaidi na vikundi vya Wazungu na Wahindi. Waafrika waliingia polepole. Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha waigizaji Waafrika mwaka 1954, wakacheza kwa Kiganda. Na mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na David Cook, walitoka na teatri ya kutembea, wakacheza bure vijijini kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine, Shakespeare akiwa pamoja na hadithi za kwao.

Basi Serumaga aliporudi Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta mlango umefunguka nusu. Akaanzisha kampuni, Theatre Limited. Jina hilo lilikuwa la mtu wa uchumi: alitaka teatri iwe kazi ya kulisha familia, mwigizaji alipwe mshahara kama fundi mwingine yeyote. Mpaka leo jambo hilo ni gumu. Waulize vijana wetu wanaocheza: wanapewa soda na asante.

Michezo yake ya kwanza aliiandika kwa Kiingereza. Ule wa kwanza aliupa jina fupi kabisa, A Play, maana yake tu mchezo. Ndani yake mzee mmoja, Mutimukulu, anasumbuliwa na ndoto mbaya siku ya kukumbuka kifo cha mke wake. Baadaye ukaja The Elephants, ambao mmoja wa wahusika wake ni msanii mkimbizi. Serumaga alikuwa pia anapanda jukwaani mwenyewe, na waliomwona wanamkumbuka kama mwigizaji mwenye nguvu kabla ya kumkumbuka kama mwandishi. Ilikuwa teatri ya watu waliosoma, ya kufikiri sana, na tuseme ukweli, mama anayeuza ndizi pale Nakasero hakuwa na sababu ya kununua tiketi.

Mwaka 1969 akatoa riwaya, Return to the Shadows. Inasimulia nchi moja ya Afrika ambayo jeshi linapindua serikali, na Joe Musizi, mtu aliyesoma, anakimbia nyumba yake pamoja na mtumishi wake. Nchi hiyo ya kitabu inaitwa Adnagu. Soma jina hilo kutoka nyuma kwenda mbele. Mwandishi wa namna hiyo alikuwa amekwisha kuzoea kuficha kitu mahali ambapo kila mtu anaweza kukiona. Alikuwa anafikiria bila shaka mwaka 1966, wakati jeshi la Milton Obote liliposhambulia jumba la Kabaka pale Mengo na mfalme akakimbilia Uingereza. Miaka miwili tu baada ya kitabu kutoka, tarehe 25 mwezi wa kwanza mwaka 1971, Idi Amin akampindua Obote aliyekuwa Singapore katika mkutano. Watu wa Kampala, hasa Waganda, walicheza barabarani kwa furaha. Haikudumu.

Wakati huo Serumaga alikuwa na mchezo mwingine, Majangwa. Majangwa na mke wake Nakirijja ni watumbuizaji wa barabarani. Walianza na ngoma nzuri, lakini watazamaji walitaka kila siku kitu kikali zaidi, mpaka wawili hao wakafika kuuza hata heshima yao mbele ya umati ili wapate senti. Sasa wako kando ya barabara, usiku, wanagombana na kukumbuka. Ukisoma mchezo huo leo unaona mwandishi anajiuliza yeye mwenyewe: msanii anauza nini, na anamuuzia nani? Swali hilo lilikuwa linamngoja mbele.

Ndipo akageuza kazi yake yote. Aliwachukua vijana wachache, akaunda nao kikundi kipya, Abafumi. Huku kwetu mtu akisikia neno hilo anafikiria wafumu, yaani waganga wa kienyeji. Kwa Kiganda maana yake ni wasimulizi wa hadithi. Aliwafanyisha mazoezi makali, ya mwili kabla ya mdomo: kupumua, kuanguka bila kuumia, kusimama bila kutikisika, kuimba kutoka tumboni, kucheza ngoma za makabila ambayo siyo yao. Alikuwa amesoma njia za Stanislavski, Mrusi aliyefundisha mwigizaji kutafuta ukweli ndani ya nafsi yake, na za Grotowski, Mpolandi aliyesema kwa matendo yake kwamba teatri inaweza kuacha mapambo yote ikabaki na mwili wa mwigizaji tu. Lakini mtu yeyote aliyeona matanga au sherehe ya mapacha kijijini anajua kwamba mambo hayo Afrika ilikuwa nayo zamani. Serumaga alichukua zile njia za Ulaya kama mtu anavyochukua jembe la dukani akalime nalo shamba la baba yake.

Mchezo uliowapa sifa ni Renga Moi, wa mwaka 1972. Unatoka katika hadithi ya Waacholi wa kaskazini. Renga Moi ni shujaa wa vita. Mke wake amezaa mapacha, na mila inamtaka baba abaki nyumbani kwa matambiko, asimwage damu. Wakati huohuo adui anakuja kushambulia kijiji. Afanye nini? Akibaki, kijiji kinakwisha. Akienda, anavunja mwiko na watoto wake wako hatarini. Anakwenda, anapigana, na anaporudi anakuta mapacha wametolewa sadaka. Hakuna mazungumzo marefu. Kuna nyimbo, vilio, ngoma, lugha kadhaa za Uganda, na vimya virefu. Mtu wa Buganda hakuelewa kila neno la Kiacholi, na Mwacholi hakuelewa kila neno la Kiganda, lakini wote walielewa.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa nje anaweza kulipita bila kuliona. Amin alipochukua madaraka aliwaua askari wengi wa Kiacholi na Kilangi ndani ya jeshi, kwa sababu Obote alikuwa Mlangi. Na mwaka uleule wa 1972 Serumaga, Mganda, anawafundisha vijana wa kusini kuimba na kulia kama Waacholi, anawasimamisha kwenye jukwaa la taifa, na kuwaonyesha watazamaji watoto wanaochinjwa ili taifa lipone. Hakumtaja Amin, wala hakukuwa na mhusika mwenye kofia ya jeshi. Afisa wa usalama aliyekaa kwenye kiti cha nyuma angeandika nini katika ripoti yake? Kwamba alitazama ngoma ya kienyeji.

Mwaka 1974 alisogea mbele zaidi na Amayirikiti. Jina hilo ni la mti wa maua mekundu ambao majirani zetu wa Burundi wanauita umurinzi. Mchezo huo ni wa mauaji, na maneno aliyaondoa karibu yote. Katika nchi ambayo mashirika ya haki za binadamu yalikadiria baadaye waliouawa kufika hadi 300,000, alibakiza miili inayoanguka na pumzi.

Sasa twende London, kwenye lile jukwaa. Ukumbi wa Aldwych ulifunguliwa mwaka 1905 na unachukua watazamaji karibu 1,200. Wasikilizaji wetu wazee wanajua jina la jirani yake hata kama hawajui ukumbi wenyewe, yaani Bush House, ile nyumba ambamo idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa inatangazia kwa miaka mingi. Nyumba hizo mbili zinatazamana, unavuka barabara tu. Kuanzia mwaka 1960 mpaka 1982, Aldwych ilikuwa makao ya London ya Royal Shakespeare Company, kampuni iliyokuwa na waigizaji kama Paul Scofield, aliyecheza mfalme Lear, na Peggy Ashcroft. Kazi ya waigizaji hao ilisimama zaidi juu ya sauti. Walijifunza tangu ujana namna ya kubeba mistari ya miaka 400 mpaka kwenye kiti cha mwisho cha ghorofa ya juu bila kupiga kelele. Mwigizaji wa Shakespeare ni kama muhubiri mzuri au mtangazaji mzuri: neno halipotei njiani.

Kila mwaka, kampuni hiyo ilipokuwa inatoka kidogo, bwana mmoja alikuwa anaingiza wageni. Aliitwa Peter Daubeny. Alikuwa amepoteza mkono mmoja katika Vita vya Pili vya dunia, kule Salerno, Italia, na ndoto yake ya kuwa mwigizaji ikaishia hapo. Akageuka kuwa mtu wa kuleta wengine. Mwaka 1964, Shakespeare alipotimiza miaka 400 tangu kuzaliwa, Daubeny alianzisha msimu wa teatri ya dunia pale Aldwych. Walikuja Wafaransa wa Comédie-Française, Warusi wa Moscow, Wajapani na Noh yao ya zamani. Watazamaji walipewa vifaa vidogo vya kusikilizia tafsiri. Mwaka 1972 walikuja Wazulu na Umabatha ya Welcome Msomi, iliyochukua habari za Macbeth ikaziweka katika ufalme wa Kizulu. Na mwaka 1975, katika msimu wa mwisho, wakaja Abafumi na Renga Moi. Daubeny mwenyewe alikufa mwezi wa 8 mwaka huohuo.

Ukilinganisha Umabatha na Renga Moi unaona Serumaga alikuwa ameamua kitu. Hakuleta Shakespeare aliyevaa ngozi ya chui ili Waingereza wafurahi kumtambua mtu wao. Alileta hadithi ya Waacholi, na lugha za nyumbani, mahali ambapo Kiingereza kizuri kuliko vyote duniani kilikuwa kinasemwa kila usiku. Yeye mwenyewe alikuwa anakijua Kiingereza hicho vizuri, alikuwa ameandika nacho vitabu. Alikiacha kwa makusudi.

Na katika miezi hiyohiyo ya 1975, Kampala kulikuwa na kesi moja ya ajabu. Mwalimu Mwingereza, Denis Hills, aliyekuwa anafundisha Uganda, alikamatwa juu ya kitabu alichokuwa anaandika, The White Pumpkin. Ndani yake alikuwa amemfananisha Amin na mtawala mkatili wa kijijini. Kwa maneno hayo machache alihukumiwa kifo. Malkia wa Uingereza alimwandikia Amin barua, na mwezi wa 7 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, akapanda ndege mwenyewe mpaka Kampala, ndipo Hills akaachiliwa. Weka mambo hayo mawili pamoja. Mwingereza anakaribia kupigwa risasi Kampala kwa ajili ya sentensi ambazo hazijachapwa bado. Waganda wanacheza London mchezo wa damu na sadaka, na serikali ya Amin inawaona kama mabalozi wake.

Hapo ndipo watu wanagawanyika juu ya Serumaga, na mimi sitaki kupita haraka. Wako waliosema kwamba alimtumikia Amin, kwamba Abafumi walikuwa ua zuri lililopachikwa kwenye koti la muuaji. Magazeti ya Ulaya yaliposifu ngoma na vijana wa Uganda, sifa kidogo zilimrudia yule mkubwa. Hilo halikanushiki. Wengine wanajibu kwamba bila pasipoti hizo mchezo usingetoka nje, na vijana wale wangebaki Kampala, mahali ambapo waigizaji walikuwa wanakufa. Mimi naona majibu yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, na kwamba Serumaga mwenyewe alijua hivyo. Mtu aliyeandika Majangwa hakuhitaji kuambiwa na wengine bei ya kucheza mbele ya umati unaolipa.

Kwamba waigizaji walikuwa wanakufa siyo maneno ya kutisha tu. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa ukumbi wa taifa wa Kampala, mtunzi wa michezo ya Kiganda iliyojaza viti vyote, watu wa sokoni pamoja na wa biro. Mchezo wake mmoja, Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa Jogoo, ulikuwa wa mtu mdogo anayetafuta kiti cha ufalme. Mwanzoni mwa 1977 aliupeleka Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kubwa la FESTAC la sanaa za watu weusi wa dunia nzima. Aliporudi nyumbani alikamatwa na watu wa usalama, akauawa. Ilikuwa karibu na siku zilezile ambapo askofu mkuu wa Waanglikana, Janani Luwum, aliuawa, mwezi wa 2 mwaka 1977. Kawadwa naye alikuwa amempa mhusika wake manyoya ya kuku. Hayakumficha vya kutosha.

Kuna tofauti kati ya hao wawili inayofaa kutajwa. Kawadwa alicheza kwa lugha ya watu wa Buganda, nyumbani, na watu walicheka kwa sauti pale walipoelewa. Kicheko cha ukumbi mzima ni ripoti tosha kwa afisa wa usalama. Serumaga alicheza zaidi nje, na mbele ya mchezo wake watu walinyamaza. Ni rahisi kusema kwamba mmoja alikuwa jasiri na mwingine mjanja, lakini mimi siwezi kumpa yeyote cheo hicho. Kusema kweli, kati ya hao wawili, Kawadwa ndiye anayefanana zaidi na wachezaji wetu wa masokoni, na ndiyo maana habari yake inaniogopesha zaidi.

Serumaga hakubaki. Kabla ya Amin kuanguka alikuwa amekwisha kuishi uhamishoni Kenya, na kikundi cha Abafumi kikatawanyika. Huko aliacha jukwaa akaingia siasa ya kumwondoa Amin. Mwezi wa 3 mwaka 1979 Waganda wa uhamishoni walikutana Moshi, Tanzania, wakaunda chama cha pamoja, UNLF, wakati jeshi la Tanzania likiendelea kusonga mbele. Tarehe 11 mwezi wa 4 Kampala ikaanguka. Yusuf Lule akawa rais, na katika serikali yake Robert Serumaga akawa waziri wa biashara. Ile digrii ya uchumi ya Dublin ikapata kazi yake mwishowe, miaka 14 baadaye.

Kazi hiyo ilidumu wiki chache. Lule aliondolewa mwezi wa 6, baada ya siku 68 tu, na Serumaga akarudi Nairobi, mkimbizi tena. Mwezi wa 9 mwaka 1980 alikufa hukohuko, kwa mshipa uliopasuka kichwani. Alikuwa na miaka 40 hivi. Hakuona uchaguzi wa mwezi wa 12 uliomrudisha Obote, wala vita vya msituni vilivyofuata.

Kilichobaki ni kidogo kuliko kinavyotakiwa. Riwaya ipo, na michezo ya Kiingereza ilichapwa. Lakini kazi yake kubwa, ile ya Abafumi, haikukaa vizuri kwenye karatasi. Utaandikaje pumzi? Renga Moi ilikaa katika miili ya wale vijana, na wao walitawanyika, wengine nchi za mbali. Aldwych bado iko, sasa inacheza zaidi michezo ya muziki ya kuvutia watalii, na Royal Shakespeare Company ilihama zamani. BBC nayo ilitoka Bush House mwaka 2012.

Mtoto wake mmoja, Kalundi Serumaga, alifuata njia ya baba mara mbili: aliwahi kuongoza ule ukumbi wa taifa wa Kampala, na akawa mtangazaji wa redio. Mwezi wa 9 mwaka 2009, wakati wa ghasia za Buganda, alialikwa kwenye kipindi cha televisheni akasema wazi mawazo yake juu ya rais wa nchi. Alipotoka nje ya kituo alikamatwa na kupigwa, kisha akashitakiwa kwa uchochezi. Mwaka uliofuata mahakama ya katiba ya Uganda ilifuta sheria hiyo ya uchochezi, ambayo iliachwa na Waingereza.